Jiwe Halitajwi Mpaka Likauke

Wametuhadithia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichika, kwamba katika mji mmoja wa upande wa Khutani, chini ya milima isiyovua theluji yake mwaka mzima, aliishi mjane mcha Mungu akiitwa Bi Mahlika. Kazi yake ilikuwa kusokota sufu. Alikuwa maskini wa mali, lakini kwa jambo moja hakuna tajiri aliyemfikia: watu wa mji ule hawakupata kusikia uongo kinywani mwake. Wauza sufu wakigombania mizani sokoni, ilitosha mmoja aseme, "Haya, twende kwa Bi Mahlika," na yule mwenye hila alinywea papo hapo.

Alikuwa na mwana mmoja tu, Ilyasi, kijana mzuri wa sura na mwepesi wa maneno. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mjane mwenye mtoto mmoja huujua zaidi. Alimlea kwa pia ya kusokotea na kwa dua, akamfunza Swala na adabu, na kila alipomaliza kuomba alisema, "Mola wangu, huyu ndiye niliyenaye." Hakuwa akiomba kitu. Alikuwa akimkumbusha tu.

Mto wa mji ule ulishuka kutoka milimani, na ndani ya maji yake yalipatikana mawe yaitwayo yashimu. Mimi sijaliona jiwe hilo kwa macho yangu, wala silitamani, ila wanaolijua husema ni gumu kuliko kisu, na kwamba liko la kijani na liko jeupe kama mafuta ya kondoo yaliyoganda, na hilo jeupe ndilo wafalme walilolililia. Lakini mto hauchagui. Pamoja na yashimu uliviringisha mawe mengine yasiyo na idadi yanayofanana nalo, laini, ya bure, na wajanja wa mji walijua kuyachemsha katika nta na mafuta ya mkia wa kondoo mpaka yakang'aa kama bwana arusi. Mnaijua methali kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Watu wa mji ule waliijua pia, na walitapeliwa vilevile.

Ikawa mwaka mmoja msimamizi wa wakfu wa mayatima, mtu mwema aliyechoka kuona ngano ya wakfu ikiliwa na panya, aliona ageuze mali ile iwe kitu kisicholika. Akanunua jiwe jeupe lenye ukubwa wa ngumi mbili. Alipompelekea mchongaji ili alipasue, msumeno uliingia kama kwenye muhogo uliochemka, na nta ikachuruzika. Baridi kuu ilikuwa inakuja, na mayatima hawakuwa na mkate wala na jiwe.

Walikamatwa watu wawili. Mmoja alikuwa Tokta, dalali wa sokoni aliyeliuza. Wa pili alikuwa Ilyasi mwana wa Bi Mahlika, aliyelitoa mtoni. Tokta alisema, "Mimi ni dalali tu. Nililipokea likiwa limeshang'aa, nikamwamini kijana." Ilyasi alisema, "Mimi ni mgeni wa kazi hii. Niliokota jiwe, nikampa kama lilivyo. Sikuwa hata najua kwamba kuna kulipima. Likiwa limechemshwa, amelichemsha yeye."

Kadhi wa mji, Sheikh Burhani, aliwasikiliza wote wawili. Kisha alisema kwamba aliyelichemsha atapelekwa machimbo ya milimani, avunje mawe huko mpaka mayatima walipwe jiwe la kweli. Na machimbo yale, waliokwenda walikuwa wengi kuliko waliorudi. Wakatiwa gerezani, kila mmoja chumba chake, wangojee hukumu.

Bi Mahlika alikwenda kwa Kadhi.

"Kadhi wetu," alisema, "mwanangu hajui yashimu. Ameanza kazi ya mto juzi tu. Niruhusu niape."

"Bi Mahlika," alijibu Kadhi kwa upole, "wewe ukiniambia jua limechomoza usiku, nitatoka nje nikatazame. Lakini sheria haipokei ushahidi wa mzazi kumtetea mwanawe. Ungekuwa juu yake, ningeupokea. Kwa ajili yake, siwezi."

Bi Mahlika aliona maneno yale ni ya ajabu. Ni mama gani atakayekuja kushuhudia juu ya mwanawe?

"Basi hakuna mlango?"

"Mlango upo, nao ni mwembamba. Mwanao anadai kwamba mgeni wa kazi anaweza kulishika jiwe kama lile na asilitambue. Wajuzi wa mawe wananiambia haiwezekani, eti hata kipofu angelitambua. Ikithibiti kwamba inawezekana, shaka itakuwa imeingia, na penye shaka simtii mtu adabu. Hapo jambo litamrudia yule aliyeliuza."

"Hakuna mgeni wa mawe kuliko mimi," alisema Bi Mahlika. "Nitakwenda mtoni, ee Kadhi wetu. Nitaokota, nitakosea, na makosa yangu nitakuletea."

Yalikuwa majira maji yanapopungua, wakati ambao wanawake wa mji ule huingia mtoni kutafuta yashimu. Desturi yao ilikuwa kusimama safu moja, wameshikana mikono, migongo wameupa mkondo, na kutembea pekupeku juu ya changarawe. Hawakutafuta kwa macho. Walitafuta kwa nyayo. Penye jiwe linaloteleza kama limepakwa mafuta na lenye baridi kuliko maji yenyewe, mwanamke huinama akaliokota, na safu yote humngoja.

Aliyempokea mtoni alikuwa Bi Aipasha, mwokotaji wa miaka mingi, mwenye ulimi mkali na nyayo zilizopasuka kama udongo wa kiangazi. "Karibu, bibi," alisema. "Umechelewa kuanza, lakini mto hauulizi umri. Una kisu?"

Alikuwa nacho. Alikuwa amechukua kisu cha Ilyasi kilichobaki nyumbani. Ncha ya kisu hicho aliivunja Bi Mahlika mwenyewe, majira ya baridi yaliyopita, alipojaribu kubandua nyama iliyoganda, ikabaki na vimeno viwili vidogo mahali palipokuwa na ncha moja. Ilyasi alimcheka siku nzima. "Mama," alisema, "sasa nitakatia nyama na kuchania nywele." Hakukinunua kingine. Aliendelea kukivaa kiunoni hivyo hivyo, na mama yake alipendezwa.

Siku ya kwanza Bi Mahlika alijaza gunia. Kila jiwe alilolitoa majini lilikuwa zuri: la kijani, jeupe, la rangi ya asali, yote yanameremeta. Alilivuta gunia mpaka ufukoni akalimwaga mbele ya Bi Aipasha, akihema kwa furaha. Bi Aipasha alicheka mpaka akakohoa.

"Yaanike juani, mwenzangu. Kisha twende tukale."

Waliporudi, yale mawe yalikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni. Halikubaki hata moja lenye uzuri.

"Hilo ndilo kosa la kila anayeanza," alisema Bi Aipasha. "Anahukumu jiwe likiwa limelowa. Kila kilicholowa kinang'aa. Hata kinyesi cha ngamia, Mungu anisamehe. Sisi huku jiwe halitajwi mpaka likauke. Usiseme 'nimepata', usiseme 'hili jeupe'. Liweke mapajani, nyamaza, lingoje."

Mwanamke mwingine angevunjika moyo. Bi Mahlika alimshukuru Mungu, kwa maana gunia lile la mawe ya bure lilikuwa utetezi wa mwanawe. "Umeona?" alimwambia Bi Aipasha. "Nina macho, nina akili, na nimebeba takataka nikidhani ni hazina. Mgeni anadanganyika."

Akarudi kesho yake na siku zilizofuata. Baridi ya maji ilimpanda kutoka nyayoni hadi kifuani, na kikohozi kikamwanza. Kidogo kidogo alijifunza. Alijifunza kulibembeza jiwe kiganjani, kwani yashimu ni zito kuliko unavyotazamia. Alijifunza kuliweka shavuni, kwani yashimu halipati joto upesi, linabaki baridi kama mtu asiyekusamehe. Alijifunza kulifunga kwa uzi, kulining'iniza na kuligonga kwa jiwe jingine, asikilize kama linalia kama la kweli au linabweka kama la bure. Na mwisho kabisa, alijifunza kisu.

Kwani lilikuwapo jiwe moja la uongo lililomshinda kila kipimo. Lilikauka na likabaki jeupe. Lilikuwa la kupendeza, laini kwa kidole, na uzito wake ulikuwa wa kutosha.

"Hili ni lenyewe," alisema.

"Hilo ndilo linaloumbua watu," alisema Bi Aipasha. "Likwaruze."

Bi Mahlika alikwaruza kwa kisu cha mwanawe. Jiwe likatoa unga, ikabaki mistari miwili myeupe, sambamba, karibu karibu.

"Yashimu la kweli lisingekubali," alisema Bi Aipasha. "Kisu kingeteleza kama kimelaaniwa."

Basi kila jiwe la namna ile alilolipata alilikwaruza, na kila moja likatoa mistari ile miwili, na kila moja akalitia katika gunia lake jipya. Aliyakusanya kama mwingine anavyokusanya lulu. Jioni aliyaweka karibu na mswala wake akaomba, "Ewe Mwenye kumnusuru aliyedhulumiwa, mnusuru mwanangu." Na aliongeza, kwa kuwa alikuwa binadamu: "Na Tokta mpe anachostahili."

Theluji ilipokaribia kufunga njia za milimani, Kadhi aliita baraza. Bi Mahlika alikwenda na gunia lake mgongoni. Mlangoni alikuwa ameketi mke wa Tokta, mwanamke mwembamba aliyejifunga shali kuukuu, watoto wake wamejikunyata ubavuni mwake.

"Asalamu alaikumu, mama," alisema.

Bi Mahlika alipita bila kujibu. Mjue kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuacha salamu ya Mwislamu ianguke chini.

Ndani, mbele ya wajuzi na wazee wa mji, na mbele ya washitakiwa wawili waliofungwa mikono, alimwaga mawe yake mkekani. Akasema alivyoyaokota yakiwa yamelowa, yalivyomdanganya, na jinsi hata yale makavu yalivyomdanganya mpaka alipofundishwa kisu. "Na mimi nilikuwa nikitafuta makosa," alisema. "Je, kijana aliyekuwa akitafuta riziki?"

Wajuzi waliyapitisha mawe mkono kwa mkono. Mmoja wao, aliyekuwa amesema hata kipofu angetambua, aliliweka chini lile alilolishika kwa haraka kidogo. Kadhi akatikisa kichwa kukubali. Uso wa Ilyasi ulifunguka, na uso wa Tokta ukawa kama wa mtu anayetazama nyumba yake ikiungua kutoka mbali.

"Limebaki moja," alisema Kadhi. "Shika jiwe lenyewe. Kwa hicho kidogo ulichojifunza, niambie: mgeni asiyejua kisu angelitambua hili?"

Wakamtilia mkononi lile jiwe la mayatima. Upande mmoja ulikuwa umepasuliwa na msumeno. Bi Mahlika alilibembeza kiganjani, na tayari alijua. Aliligeuza, na kidole gumba kikapita chini yake kama kilivyozoea kupita kwenye mawe yote msimu mzima. Nta ikapata joto, ikasogea. Chini ya nta, pale ambapo hakuna aliyetazama kwa sababu wote walitazama palipopasuliwa, kidole chake kiligusa mfereji mdogo, na pembeni yake mfereji wa pili.

Aliinua kidole akatazama. Mistari miwili, sambamba, karibu karibu.

Akakirudisha kidole mahali pake.

Ndugu zangu, moyo wa mama haupasuki kwa kelele. Alielewa yote kwa mara moja, na alitamani awe mjinga tena. Mwanawe alikuwa ameliokota jiwe lile na kulikwaruza, kisu kikamwambia ukweli, naye akaufukia ukweli kwa nta. Alijua. Alijua alipompa Tokta, alijua alipojitetea mbele ya Kadhi, alijua alipomtazama mama yake akilia mlangoni mwa gereza na kumwambia, "Mama, mimi nimedhulumiwa."

Na hakuna aliyeona. Lilitakiwa neno moja tu, na hata halikuwa uongo. Mgeni angelitambua? Hapana, asingelitambua. Hilo lilikuwa kweli. Angeweza kumwokoa mwanawe kwa neno la kweli.

"Bi Mahlika?" aliita Kadhi.

"Naomba nitawadhe," alisema. "Naomba nisali rakaa mbili."

Alitoka uani akavunja barafu ya mtungini, akatawadha, akasali juu ya ardhi tupu. Katika sijida alikaa muda mrefu. Wapo wanaosimulia kwamba alisikia sauti ikimpa nguvu. Mimi sikupokea hivyo. Nilivyopokea ni kwamba hakusikia kitu. Alisema, "Mola wangu, huyu ndiye niliyenaye," na kimya kikabaki kimya, na ardhi ilikuwa baridi, na alipoinua kichwa mambo yalikuwa vilevile kama alivyoyaacha. Alilikumbuka tu lile alilofundishwa tangu utotoni, kwamba ushahidi ni wa Mungu kabla haujawa wa mtu yeyote. Hakulipenda. Alilikumbuka.

Aliporudi, mlangoni alisimama mbele ya mke wa Tokta.

"Waalaikumu salamu, mwanangu," alisema, "warahmatullahi wabarakatuh."

Kisha akaingia.

"Kadhi wetu, uliniambia kwamba ushahidi wangu kumtetea mwanangu haupokelewi."

"Nilisema hivyo."

"Na juu yake?"

"Unapokelewa," alisema Kadhi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Basi upokee."

"Mama!" alisema Ilyasi. "Mama, unafanya nini?"

Bi Mahlika alisugua nta kwa kidole gumba mpaka mistari ikaonekana wazi, akaliweka jiwe katikati ya mawe yake mwenyewe pale mkekani. Hakuhitaji kueleza sana. Gunia zima lilikuwa na alama ile ile. Alichomoa kisu mshipini akakilaza pembeni. "Hiki ni cha Ilyasi," alisema. "Ncha niliivunja mimi. Aliyeliokota hili alilipima kwanza, akajua, ndipo akalifunika."

Kadhi alimgeukia kijana. "Unasemaje?"

Ilyasi alimtazama mama yake, si Kadhi. "Nilitaka uache kusokota," alisema. "Vidole vyako vilikuwa vinatoka damu."

"Nilijua ni kwa ajili yangu," alisema Bi Mahlika. "Ndiyo maana inanichoma."

Tokta alifunguliwa kamba. Alitoka mbio kwa mkewe, na kilio cha furaha kilisikika nje, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Ilyasi alipokuwa akiongozwa kwenda zake, alisimama mbele ya mama yake. Uso wake ulikuwa umefungika.

"Ulikwenda mtoni kuniokoa, au kunitafutia kamba?" Kisha akawageukia wazee wa mji. "Mayatima wenu muongezeni mmoja. Mimi leo sina mama."

Wakampeleka milimani kabla njia haijafungwa.

Nawasimulia sasa sehemu ambayo wengi huiruka, kwa sababu haina raha. Watu wa mji walimsifu Bi Mahlika mwezi mmoja, kisha wakaanza kumwogopa. Aliyemsema mwanawe atamsitiri nani? Waliokuwa wakimwita mizanini hawakumwita tena. Njia ilipofunguka alibeba mikate, akapanda na punda wa machimbo mpaka juu, na Ilyasi alipomwona aliweka nyundo chini, akampa mgongo. Mikate ikaliwa na wafungwa wenzake. Alikwenda tena, na tena, na kila mara alirudi akiwa ameuona mgongo wake tu, na akijua kwamba umekonda.

Lakini maji yalipopungua, alirudi mtoni. Sasa hakutafuta makosa. Alitafuta jiwe moja la kweli, la kuwalipa mayatima na kumshusha mwanawe mlimani. Mto ulimnyima msimu ule, ukamnyima na uliofuata. Alipata vipande vidogo vya kijani, akawapa wakfu wanunulie mikate. Kikohozi kilikuwa kimeshaota mizizi. Miguu yake ilifanya malengelenge, yakapasuka, yakafanya mengine, na bado alishika mikono ya wenzake akaupa mkondo mgongo.

"Mwenzangu," Bi Aipasha alimwambia siku moja wakikausha nguo, "nikuulize bila kukuudhi. Hujuti?"

"Najuta kila siku."

"Kwa hiyo ungenyamaza?"

Bi Mahlika alikohoa, akajifuta. "Hapana. Nikirudishwa pale, nitasema vile vile."

"Majuto gani hayo basi?"

"Ndiyo hayo," alisema.

Na akaongeza jambo ambalo Bi Aipasha alilikariri mpaka mwisho wa umri wake. Alisema, "Wewe ulinifundisha jiwe lisitajwe likiwa limelowa. Mwanangu nilimtazama miaka yote macho yangu yakiwa na machozi ya mapenzi. Nilimwona anang'aa. Sikumngoja akauke, Aipasha, nione kasoro zake nimfundishe."

Mwisho wa msimu mwingine, maji yakiwa yameshaanza kufanya ganda la barafu kingoni, safu ya wanawake ilisimama ghafla. Bi Mahlika alikuwa ameganda mahali pamoja. Aliinama, akakaa chini ya maji muda uliowatisha, akaibuka na kitu kifuani. Hakusema neno. Walimtoa, wakamfunika, akakiweka mapajani akakingoja. Upepo ulikuwa mkali na lilikauka polepole. Likawa jeupe kama mafuta ya kondoo yaliyoganda, na likabaki jeupe. Aliliweka shavuni. Akaomba uzi, akaligonga, nalo likalia sauti iliyokaa hewani. Kisha akachomoa kile kisu, akakwaruza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Kisu kiliteleza. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Wanawake walipiga vigelegele. Yeye alilia kwa uchungu, kwa sababu yule aliyetaka kumwonyesha alikuwa mlimani, na alikuwa amempa mgongo.

Usiku ule homa ilimshika, na hakuinuka tena kitandani. Bi Aipasha ndiye aliyelipeleka jiwe kwa Kadhi. Kadhi aliwaita wajuzi, wakalipima kwa kila kipimo, na mchongaji akakata kipande kwa kazi ya siku nzima. Mayatima walikuwa wamelipwa. Hati ya kumfungua Ilyasi ilitiwa muhuri, lakini theluji ilikuwa imeshafunga njia, na hakuna mnyama wala binadamu aliyeweza kupanda.

Bi Mahlika aliuliza kila asubuhi, "Njia imefunguka?" Wakamwambia bado. Alifariki katikati ya baridi, ulimi wake ukiwa na shahada, na njia ikiwa bado imefungwa.

Ilyasi alishuka theluji ilipoyeyuka, amekomaa, mikono imejaa sugu, hajui kitu ila kwamba ameachiliwa. Aliukuta mlango wa nyumba yao umefungwa. Bi Aipasha alikuwa amekaa kizingitini na ufunguo.

Alimsimulia yote. Ilyasi hakuketi. Mwishowe aliuliza kwa sauti ndogo, "Aliniachia neno?"

"Alisema nikwambie hivi: 'Jiwe lako sikulitaja mpaka lilipokauka.'"

Ndani, kando ya mswala uliokunjwa, alilikuta gunia. Alilimwaga sakafuni. Yalikuwa mawe ya bure, yote makavu, na juu ya kila moja mistari miwili ya kisu chake, iliyokwaruzwa na mkono uliokuwa ukitafuta namna ya kumwokoa. Alilishika moja, akalishika jingine. Majirani wanasema kilio chake kilisikika mpaka mtoni, na kwamba alikuwa akiita jina ambalo alilikana mbele ya Kadhi, na hakuna aliyeitika.

Baadaye, wakfu wa mayatima ulimweka Ilyasi kuwa mpimaji wa mawe, kazi asiyoipokelea malipo. Watu walimletea visu vipya vya chuma kizuri, akavikataa. Alipima kwa kile chenye ncha iliyovunjika. Mtu akimletea jiwe linalometameta, alilianika juani kwanza akanyamaza. Na akilikwaruza likatoa mistari miwili, hakusema ni la uongo. Alilirudisha kwa mwenyewe akasema, "Mama amekataa."

Enyi wapenzi, sisi sote huomba haki ishuke. Tunaiomba kwa sauti tukidhani itapita mlango wa jirani. Bi Mahlika aliiomba, ikaja mlangoni kwake mwenyewe, naye akaifungulia, na malipo yake hakuyaona kwa macho ya dunia hii. Mwenyezi Mungu amrehemu, amkutanishe na mwanawe mahali pasipo na theluji ya kufunga njia, na atusitiri sisi ambao mawe yetu bado yamelowa.